Kabla ya Kununua Mashine, Mjueni Atakayeijaza

Somo kwa vikundi: kuchagua msambazaji wa maziwa na mafuta ya kupima



Somo letu safari hii linahusu biashara ambayo imeingia masokoni mwetu kwa kasi, yaani mashine za kuuza bidhaa kwa kipimo. Mteja anakuja na chupa yake, anatoa shilingi ishirini au hamsini, kitufe kinabonyezwa, na mashine inamimina kiasi cha pesa zake. Ya maziwa tunaiita ATM ya maziwa. Ya mafuta ya kupikia wengi wanaiita ATM ya salad.

Hapa Kwa Vonza biashara hii inavutia, na sababu yake inaeleweka. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, kimetuletea wanafunzi wengi. Mwanafunzi anayejipikia chumbani hanunui mtungi wa mafuta, ananunua ya kutosha sufuria ya leo. Hata nyumbani kwetu ni hivyo hivyo: pesa zinakuja kidogo kidogo, na mahitaji yananunuliwa kidogo kidogo.

Kwa hiyo vikundi vinauliza, "Mashine ni pesa ngapi?" Swali ni zuri lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: Nani atatujazia hiyo mashine, siku baada ya siku, na kwa masharti gani? Mashine haikamui ng'ombe wala haisindiki mafuta. Kazi yake ni kupima tu. Faida na hasara za kikundi ziko kwa yule anayeleta bidhaa, yaani msambazaji, au saplaya kama wengi tunavyosema.

Tukumbuke pia kwamba pesa za kununua mashine ni akiba ya watu. Ni karo ya mtoto wa fulani na mabati ya nyumba ya fulani. Tena maziwa yatanywewa na watoto wetu wenyewe. Someni somo hili mkiwa pamoja, mmoja asome kwa sauti na mwingine ashike kalamu na karatasi, maana kuna hesabu mbili.

1. WASAMBAZAJI WAKO WA AINA GANI?

Kwa kawaida kikundi kitakutana na watu wa aina nne.

(a) Kiwanda au wakala wake. Bidhaa yake ina jina, tarehe na alama za ubora. Bei yake haishuki sana, na mara nyingi anataka mnunue kiasi kikubwa na kulipa pesa taslimu.

(b) Chama cha ushirika cha wafugaji. Kama kina mtambo wa kutibu maziwa kwa joto na wa kuyapoza, huyu anaweza kuwa rafiki mzuri. Kama hakina mtambo, maziwa yake ni mabichi, na hayafai kuingia kwenye ATM moja kwa moja.

(c) Mwenye gari. Huyu ananunua hapa na kuuza pale. Wako waaminifu wengi. Lakini yeye si mtengenezaji, kwa hiyo lazima mjue anatoa wapi.

(d) Aliyewauzia mashine. Huyu anasema, "Nitawapa mashine kwa mkopo, lakini bidhaa mtanunua kwangu peke yangu." Hapo simameni kidogo. Mashine inaweza kuonekana rahisi, kumbe deni limefichwa ndani ya bei ya kila lita. Ulizeni: Tukimaliza kulipa mashine, tutakuwa huru kununua kwingine? Mkiongeza bei, tunaweza kukataa? Kama jibu ni hapana, basi mashine ni yenu kwa jina tu.

Hakuna aina iliyo mbaya yenyewe. Kila mmoja apimwe kwa mambo yanayofuata.

2. KWANZA ULIZENI KARATASI

Kwa maziwa: biashara ya maziwa inahitaji kibali cha Bodi ya Maziwa ya Kenya. Msambazaji awe nacho, na kikundi chenyewe kiwe nacho. Maziwa ya kuuzwa kwenye ATM ni yale tu yaliyotibiwa kwa joto, yaani yamepashwa nyuzi 63 kwa nusu saa, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha yakapozwa haraka. Hilo halikuwekwa ili kusumbua maskini. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa bruselosisi, ambao humpa mtu homa na maumivu ya viungo kwa muda mrefu, na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria.

Kwa mafuta: mtungi uwe na jina la kiwanda, tarehe ya mwisho ya matumizi, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS). Tangu mwaka 2012 sheria inataka mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A. Chini ya alama ya ubora kuna namba ya kibali. Mnaweza kuihakiki kwa simu: andikeni SM# na kufuatisha namba hiyo, kisha tumeni kwenda 20023. Mtungi usio na karatasi, uliofungwa kwa nailoni, urudi ulikotoka hata kama bei ni ya kutupa.

Na sisi wenyewe tuwe na zetu: cheti cha kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, leseni ya biashara ya kaunti, vyeti vya afya vya wale wanaoshika chakula, na mashine iliyokaguliwa na kupigwa mhuri na afisa wa vipimo kila mwaka. Mkitaka msambazaji awe na karatasi, na nyinyi muwe nazo.

3. HESABU YA KWANZA: KILO SI LITA

Hapa ndipo vikundi vingi huumia bila kujua. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, lakini lita moja ya mafuta ya kupikia ni kama gramu 910 tu. Kwa hiyo mtungi wa kilo 20 una karibu lita 22. Mtungi wa lita 20 una kilo 18 na kidogo. Mitungi yote miwili ukiitazama ni kama ndugu, lakini haiko sawa. Na mashine yenu inauza kwa lita, si kwa kilo.

Chukueni mfano huu. Bei ni za mfano tu, wekeni zenu za leo.

Msambazaji A anauza mtungi wa lita 20 kwa Sh 5,000, na anawaletea mpaka mlangoni.
Msambazaji B anauza mtungi wa kilo 20 kwa Sh 5,280, lakini mnajichukulia wenyewe dukani kwake.

Kwa macho, A ni rahisi. Sasa gawanyeni kwa lita:
A: 5,000 gawa kwa 20 = Sh 250 kwa lita.
B: 5,280 gawa kwa 22 = Sh 240 kwa lita.

Kumbe B ndiye rahisi! Lakini msikimbie, bado kuna gari. Kuleta mitungi 10 ya B kunagharimu Sh 2,200, yaani Sh 220 kwa kila mtungi.
B na usafiri: 5,500 gawa kwa 22 = Sh 250 kwa lita.

Wako sawasawa kabisa. Basi bei haiwezi kutuchagulia. Tutazame mengine: nani anafika siku aliyosema, nani anarudisha pesa mtungi ukivuja njiani, nani anatoa risiti.

Kanuni: bei zote zigeuzwe kuwa "shilingi kwa lita, ikiwa imefika kwenye mashine yetu". Bila hivyo tunalinganisha mbuzi na kuku.

4. HESABU YA PILI: NANI ATABEBA HASARA?

Maziwa yana shida ambayo mafuta hayana. Mafuta yanaweza kungoja wiki kadhaa yakiwa kivulini. Maziwa hayangoji, na kwa joto letu la Ukambani, stima ikipotea mchana mmoja yanachacha.

Tuseme kikundi kinauza lita 100 kwa siku, kwa Sh 70 kila lita.

Msambazaji wa kwanza anauza kwa Sh 60. Hakosi siku hata moja, na maziwa ni mazuri siku zote. Faida ni Sh 10 kwa lita, yaani Sh 1,000 kwa siku. Kwa wiki ni Sh 7,000.

Msambazaji wa pili anauza kwa Sh 55. Faida ni Sh 15 kwa lita, yaani Sh 1,500 kwa siku. Lakini kila wiki siku moja maziwa yake yanachacha kabla ya saa nne asubuhi, na pesa amekwisha kuchukua. Siku sita nzuri zinaleta Sh 9,000. Siku moja mbaya inakula Sh 5,500. Mnabaki na Sh 3,500.

Yaani yule wa bei nafuu amewapa nusu tu ya faida. Na hapo hatujahesabu wateja waliomwaga chai yao na kuapa kwamba hawatarudi.

Lakini tazameni tena. Kama huyo wa pili angekubali kurudisha pesa za maziwa yaliyochacha, mngebaki na Sh 9,000, zaidi ya yule wa kwanza. Kwa hiyo swali kubwa kuliko bei ni hili: Bidhaa ikiharibika, hasara ni ya nani? Hilo liamuliwe kabla ya siku ya kwanza, kwa maandishi. Likiachwa mpaka maziwa yachache, litaamuliwa kwa ugomvi.

Na haki iwe pande zote. Kama maziwa yamefika mazuri na yamechacha kwa sababu sisi hatukuosha mashine au jenereta haikuwa na mafuta, hasara ni yetu. Ndiyo maana lazima yapimwe mlangoni.

5. KUPIMA MLANGONI

Msipokee bidhaa kwa mazoea. Chagueni watu wawili wa kupokea, na kuwe na daftari. Kila siku waandike saa, kiasi, hali ya bidhaa, na sahihi ya aliyeleta.

Maziwa yapimwe hivi:
– Vyombo. Yaletwe kwa mikebe ya aluminiamu au chuma kisichoshika kutu. Mtungi wa plastiki hauoshwi ukatakata ndani.
– Joto. Tieni kipimajoto. Maziwa yaliyopozwa vizuri yawe karibu nyuzi 4. Yakifika yamepata vuguvugu, yamekaa njiani.
– Harufu na rangi. Pua ya mama mpishi ni mashine nzuri sana.
– Kuchemsha. Chemsheni kidogo kwa sufuria ndogo. Yakikatika, msiyapokee.
– Maji. Nunueni laktomita, ni chombo kidogo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Maziwa halisi husoma karibu 28 hadi 32, katika joto lililoandikwa kwenye chombo hicho. Kila sehemu kumi za maji katika mia hushusha kipimo kwa kama 3. Yakisoma 25, mnalipia maji.

Kuna wanaotia dawa ili maziwa yasiharibike njiani. Hizo pua haizinusi. Dawa yake ni kujua maziwa yanatoka wapi, na mara moja moja kupeleka kiasi kidogo kupimwa.

Mafuta yapimwe hivi: angalieni kifuniko kama hakijafunguliwa, someni tarehe, pimeni uzito kwa mizani, nuseni kama hayajavunda. Yawekwe kivulini, maana jua na mwanga huharibu vitamini A.

6. MMOJA HATOSHI

Mwaka 2022 ulitufundisha. Mafuta mengi ya kupikia hapa Kenya yanatokana na mawese yanayoagizwa hasa kutoka Indonesia na Malaysia, kisha yanasafishwa na viwanda vya hapa kama Bidco kule Thika na Pwani Oil huko pwani. Februari mwaka huo vita kati ya Urusi na Ukraine vilianza. Nchi hizo mbili ndizo wauzaji wakubwa wa mafuta ya alizeti duniani, kwa hiyo wanunuzi wengi wakageukia mawese. Kisha, tarehe 28 Aprili, Indonesia ikasimamisha kuuza mawese nje kwa zaidi ya wiki tatu. Bei ikapanda mpaka kwenye sufuria za kijijini. Katikati ya mwaka bei ya mawese ikaanguka tena huko duniani. Aliyekopa kujaza stoo wakati bei iko juu alibaki na mafuta ghali mbele ya jirani mwenye mafuta rahisi.

Mafunzo ni matatu. Msiamini ahadi ya bei moja kwa mwaka mzima, bali ombeni notisi ya siku saba kabla bei haijabadilika. Msikope ili kuficha mafuta. Na muwe na namba ya msambazaji wa pili, ambaye mmemkagua na kununua kwake mara moja moja, ili siku ya shida msiwe wageni kwake.

Kwa maziwa ni hivyo hivyo. Ukame uliotukumba tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022 ulionyesha kwamba maziwa ya karibu hupungua malisho yakikauka. Kama msambazaji wenu ni wa hapa, wa akiba awe wa mbali, sehemu yenye mvua.

Na kuna jambo la hapa kwetu: wanafunzi huenda likizo. Msambazaji akisema lazima mchukue lita 100 kila siku mwaka mzima, mtafanya nini chuo kikifungwa? Ombeni ruhusa ya kupunguza hadi lita 40 au 30 kwa miezi hiyo.

7. IGIZO FUPI

Watu watatu waigize: Mwenyekiti, Mweka Hazina na Mwenye Gari.

MWENYE GARI: Mama, mimi nitawaletea maziwa kwa 55. Huyo mwingine anawauzia 60. Kwani hamtaki faida?

MWEKA HAZINA: Faida tunaitaka, kijana wangu. Maziwa yanatoka wapi?

MWENYE GARI: Kwa wafugaji. Ni mazuri sana.

MWEKA HAZINA: Wafugaji gani? Na yanatibiwa wapi kabla hujatuletea?

MWENYE GARI: Ai, mama, maswali yote hayo! Wenzenu wananunua tu.

MWENYEKITI: Wenzetu wana pesa zao. Hizi ni za watu ishirini na watano. Tuonyeshe kibali cha Bodi ya Maziwa.

MWENYE GARI: Kiko nyumbani. Nitakileta wiki ijayo.

MWEKA HAZINA: Basi na maziwa yalete wiki ijayo. Na yakichacha asubuhi hiyo hiyo, utatulipa?

MWENYE GARI: Yakishashuka kwa gari ni yenu.

MWENYEKITI: Asante, kijana. Sasa tumejua kwa nini ni 55.

Baada ya igizo, ulizaneni: Mwenye Gari amekosea wapi? Je, ni mwizi, au ni mtu ambaye hajawahi kuulizwa? Angeleta kibali, mngemjaribu?

8. JAMAA NA MARAFIKI

Hili ni gumu kulisema, lakini lazima lisemwe. Mara nyingi msambazaji huwa shemeji wa mwenyekiti au mtoto wa mweka hazina. Si dhambi kununua kwa jamaa. Shida ni kwamba jamaa akileta maziwa yaliyochacha, hakuna anayethubutu kufungua mdomo, na kikundi kinakufa kwa heshima.

Fanyeni hivi: mwenye jamaa aseme wazi mbele ya wote, kisha atoke nje wakati wa kuchagua. Jamaa apimwe mlangoni kama wengine. Tangu zamani katika mwethya kila mtu aliona jembe la mwenzake likifanya kazi. Na daftari la wasambazaji liwe hivyo, lisomwe kwenye kila mkutano.

9. MAPATANO KWA MAANDISHI

Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili au Kikamba, ili kila mwanachama aelewe. Uwe na mambo haya:
– Bidhaa gani, ya ubora gani, kwa vyombo gani.
– Bei kwa lita ikiwa imefika, na notisi ya kubadilisha bei.
– Siku na saa ya kuleta, na akichelewa itakuwaje.
– Kiasi cha chini, pamoja na miezi ya likizo.
– Bidhaa ikikataliwa mlangoni au ikiharibika, nani analipa.
– Malipo: siku gani, kwa namba ya simu au akaunti gani ya biashara. Pesa zisipitie kwenye mfuko wa mtu.
– Muda wa majaribio. Mwezi mmoja unafaa, kabla ya kufunga mkataba mrefu.

Sahihi za viongozi watatu, sahihi ya msambazaji, na nakala kwa kila upande.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Andikeni majina ya wasambazaji watatu mnaoweza kuwafikia. Kwa kila mmoja, tafuteni bei ya lita moja ikiwa imefika.
2. Stima ikipotea kwa saa sita, maziwa yetu yatakuwa wapi?
3. Nani kati yetu anaweza kumkatalia msambazaji mlangoni bila kuogopa? Tumpe kazi hiyo.
4. Kama msambazaji wetu hatakuja kesho, tutampigia nani?

Kama swali la nne halina jibu, msinunue mashine bado. Mashine zipo, zitangoja. Tumieni mwezi mmoja kuuza mafuta kwa kipimo cha mkono, kwa pesa kidogo, huku mkiwajua wasambazaji wenu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwanza tuhakikishe kibaba chenyewe hakivuji.